Uhuru Bila Riziki


Amri ya Aprili 1897 iliwaruhusu watumwa wa Unguja na Pemba kudai uhuru. Lakini aliyeupata alipaswa kuonyesha makao na njia ya riziki; akikosa, alihesabiwa mzururaji. Mnyonge alifunguliwa minyororo, akaachiwa njaa.

Mwaka huo huo Wakristo wa Kanisa la Marafiki kutoka Uingereza walianzisha kituo Banani, karibu na Chake Chake. Katika shamba la mikarafuu waliwapa waliokombolewa kazi ya ujira.

Mwaka 1970, huko New York, Mwalimu Nyerere aliwaambia masista wa Maryknoll kuwa Kanisa lisiloipinga mifumo ya unyonge litapoteza maana kwa binadamu.

Sadaka humtuliza mnyonge, haki humsimamisha.