Mikono Safi, Moyo Uliotosheka

 

Kwa neema ya Mungu tumetimiza miaka 25. Wengi mlitarajia kutuona leo na sare mpya, lakini tumesimama mbele yenu na ile ile ya samawati mnayoijua. Tungependa kuwaeleza sababu, maana ndiyo somo letu la leo.

Kamati ilipoketi kupanga jubilei, pendekezo la sare mpya lilipendwa na wengi. Fundi alitaka shilingi 3,500 kwa kila mwimbaji. Lakini kati yetu wamo vibarua, mama mboga, wanafunzi, na wazazi wanaolipa karo peke yao. Tulijua wangenyamaza, wakope kwa simu, kisha mwezi ukiisha wajifiche kwa aibu ya deni. Wengine wangeacha mazoezi, nasi tungesema wamepoa kiroho. Tukaona heri sare ikose kung'aa kuliko mmoja wetu akose kuimba.

Katika kulijadili jambo hilo tulisoma 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari wa Shamu, alijichovya mara saba katika Yordani, ukoma wake ukaisha. Elisha alikataa zawadi zake. Lakini Gehazi, mtumishi wa Elisha, alikimbia nyuma ya gari, akadanganya kwamba wamefika wageni, akaomba talanta moja ya fedha na mavazi mawili. Akapewa talanta mbili, akazificha nyumbani. Jioni ile mgeni alikuwa njiani kwenda kwao akiwa safi, na mtu wa nyumbani mwa nabii ndiye aliyetoka na ukoma.

Wapendwa, Gehazi hakuwa mtu wa nje. Alikuwa mtumishi kama sisi, akijua ratiba yote ya ibada. Hakuanza na uongo. Alianza kwa kutazama mizigo ya mwingine na kuona kwamba yeye amepunjwa. Tamaa ilitangulia, uongo ukafuata. Ndiyo maana tunaamini kwamba kuridhika ni mlinzi wa usafi wa moyo. Mlinzi akilala, mlango u wazi.

Tukitaja usafi, haraka tunawaza zinaa na ulevi. Hayo ni kweli. Lakini usafi pia ni mizani ya dukani. Ni pesa za M-Pesa zilizotumwa kwako kimakosa. Ni chenji ya ziada ya kondakta. Ni karo ya mtoto iliyowekwa kwenye kamari ya simu kwa matumaini kwamba itazaa. Watu walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, Luka 3 inaonyesha kwamba hakuwatuma jangwani. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango, na askari wasidhulumu, watosheke na mshahara wao. Aliwarudisha kazini, wakafanye kazi ile ile kwa mikono safi.

Tusieleweke vibaya. Kuridhika si uvivu, wala si kunyamazia dhuluma. Kibarua aliyenyimwa ujira ana haki ya kuudai, na Yakobo 5 inamkemea tajiri aliyeuzuia. Paulo mwenyewe alishona mahema kwa mikono yake. Naye alipowaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, alisema kuridhika ni jambo alilojifunza. Kama Paulo alijifunza, basi nasi tusikate tamaa tukiona somo ni gumu.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo matatu. Hesabu za kwaya zitasomwa kila mwezi mbele ya wanakwaya wote. Kila mwenye uwezo ataweka kidogo katika mfuko wa kusaidiana, ili mwenzetu akibanwa aje kwetu kabla ya kukimbilia mkopo. Na hakuna mwimbaji atakayezuiwa kusimama madhabahuni kwa sababu ya nguo.

Ndugu zetu, jubilei katika Walawi 25 ilikuwa mwaka wa kurudisha shamba kwa mwenyewe na kumwachilia mtumwa. Sisi hatuna mashamba ya kurudisha, lakini tunaweza kumwachilia mwenzetu kutoka mzigo wa kujilinganisha. Tuombeeni tuyashike haya tuliyoahidi, ili tuimbayo Jumapili tuyaishi Jumatatu.

Mungu awabariki. Amina.