Gereji kama Shule ya Istilahi: Lugha ya Mafundi na Wapenzi wa Magari ya Zamani katika Wilaya za Ngara na Biharamulo



Baadhi yenu mlipokisoma kichwa cha mhadhara huu, bila shaka mlijiuliza mwanaisimu aliyezeeka katika sarufi ya vitenzi anatafuta nini chini ya boneti. Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa kuanza na kisa kilichonifika mwenyewe.

1. Utangulizi

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilisafiri kutoka Mwanza kwenda Ngara kukusanya data za Kihangaza. Nilikuwa na mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Dar es Salaam, na Peugeot 504 yangu kuukuu. Siku hizo daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, halikuwapo. Tulivuka ghuba ya Ziwa Victoria kwa kivuko. Tulilala Biharamulo, na asubuhi tukashika njia ya Lusahunga na Nyakahura. Mbele ya Nyakahura, kanyagio la breki likaanza kuzama hadi sakafuni.

Tulisimama. Kabla sijatoa jeki, utingo wa lori lililokuwa nyuma yetu alikwisha kukata matawi na kuyapanga barabarani kuwaonya wanaokuja. Haukupita muda tukawa na watu saba, na kati yao mafundi wawili. Fundi kijana, mzaliwa wa Burundi, alichungulia uvunguni akasema, "Feri zimekwisha." Mwanafunzi wangu akashangaa: "Feri imekwisha vipi? Si tumeshavuka jana?" Kwake yeye, Feri ni pale watu wanapopandia pantoni ya Kigamboni. Sote tukacheka, isipokuwa fundi mzee.

"Mwalimu," aliniambia, "msicheke sana. Mkiendelea hivi mtakutana na mteremko wa Rusumo. Asiyejua kwamba feri ni breki, huko atajifunza vibaya."

Maneno ya mzee huyo ndiyo kiini cha mhadhara wangu.

2. Jamii ya wapenzi wa magari ya zamani

Katika Afrika ya Mashariki, mapenzi ya magari yana historia ndefu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo tangu 1966 hadi 1968. Datsun 240Z, gari la michezo hasa, ilishinda mwaka 1971 na 1973. Peugeot 504 ikafuata mwaka 1975 na 1978. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya magari ya zamani ya aina hiyo, ambamo Porsche 911 na Datsun hukimbizwa tena zikifuatwa na magari yaliyojaa mafundi na vipuri.

Ngara na Biharamulo hakuna misafara ya namna hiyo. Mwenye gari la zamani huko ni mwalimu mstaafu, padri, au mfanyabiashara aliyerithi Land Rover ya baba yake. Mapenzi, hata hivyo, ni yale yale. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata, viliwafundisha watu kwamba gari haliponi kwa pesa peke yake, bali kwa kujuana. Tobo la tangi la petroli lilizibwa kwa kipande cha sabuni ya mche. Bushi zilichongwa kutokana na tairi kuukuu. Na gari lililokufa lilivuliwa vipuri ili jingine liishi.

Ndivyo nilivyosaidiwa nami. Kipira cha silinda ya breki kilichokuwa kimechakaa kilipatikana Rulenge, kwa mwalimu mstaafu mwenye Peugeot kama yangu. Kililetwa siku ya pili na dereva wa lori ambaye hakunijua. Nilipouliza bei, niliambiwa nilipie mafuta ya breki tu.

3. Maneno ya gereji na sarufi yake

Msaada wa aina hii hauwezekani bila lugha ya pamoja, na lugha hiyo ni mali yenye thamani. Tazameni kwanza asili ya maneno. Gari limetoka Kihindi. Parafujo ni masalio ya Wareno. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini, ukiwa na asili ya Kiarabu, kabla haujapanda nchi kavu. Klachi, gia, spana na pancha zimetoka Kiingereza. Wasemaji hawakuyameza maneno hayo mazima. Neno la Kiingereza la kinga ya matope lilisikika kama wingi, madigadi. Kwa hiyo likazaliwa umoja wake, digadi. Kiplefti nacho kikaingia ngeli ya kitu na kuzaa viplefti. Hakuna kamati iliyokaa kuyaamua hayo. Sarufi ilifanya kazi yake yenyewe.

Tazameni pia vitenzi. Gari hula mafuta, hukohoa, hulala njiani, hugoma, na hatimaye hufa. Swali la kwanza la fundi kwa mwenye gari ni hili: "Limezimika au umelizima?" Katika swali hilo fupi, kauli ya kutendeka inasimama dhidi ya kauli ya kutenda, na utambuzi wa ugonjwa unategemea tofauti hiyo. Mwanafunzi anayesumbuliwa na viambishi vya kauli darasani angefaidika na asubuhi moja gereji.

Mfano mwingine ni kuchemsha. Wanasarufi wangetarajia kusema kwamba gari linachemka. Fundi husema linachemsha, bila kutaja yambwa. Kwa miaka mingi nililiona hilo kuwa kosa. Siku moja nililitaja mbele ya fundi mzee yule yule, naye akanijibu kwa utulivu: "Mwalimu, yanayochemka ni maji. Gari ndilo linaloyachemsha." Nilikuwa nimefundisha kauli ya kutendesha kwa robo karne. Kutoka gereji neno hilo limeingia mitaani, na leo mtu aliyeshindwa mtihani huambiwa amechemsha.

4. Ndugu waliotenganishwa na mashine

Nirudi kwenye feri. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Mhangaza na Mrundi wanaweza kuzungumza juu ya mvua, ng'ombe na misiba bila mkalimani. Lakini wakiinama pamoja juu ya injini, undugu huo hupungua. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza nchi zao zote zilikuwa chini ya Wajerumani. Baada ya vita, Tanganyika ilishikwa na Waingereza, na Ruanda-Urundi ikashikwa na Wabelgiji. Magari yakaja kwa wingi baada ya mgawanyo huo, na kila upande ukayapokea pamoja na majina ya mtawala wake. Ndiyo maana dereva wa huku ni umushoferi ng'ambo ya mpaka, injini ni moteri, na breki ni feri. Hata barabara zimegawanyika: anayevuka daraja la Rusumo huacha upande wa kushoto na kushika wa kulia.

Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka Rusumo ndani ya muda wa siku moja hivi. Nyuma yao yakaja malori na magari ya mashirika ya misaada, nayo yalihitaji matengenezo. Katika gereji za sehemu hizo maneno ya pande mbili yakakutana, na lugha iliyoyapatanisha ikawa Kiswahili. Fundi mzuri wa Ngara anayajua majina yote mawili. Anasema breki kwa mmoja na feri kwa mwingine, kama daktari anayemfuata mgonjwa katika lugha yake.

5. Kinachopotea

Mabibi na mabwana, hazina hii inapungua. Magari mapya hupimwa kwa kompyuta, na mashine huandika ugonjwa kwa Kiingereza. Fundi aliyekuwa akitambua kasoro kwa sikio anastaafu bila mrithi. Namjua kijana mmoja wa Biharamulo aliyejifunza kazi kwa miaka sita chini ya mti. Angeweza kufungua giaboksi na kuirudisha bila nati moja kubaki mkononi. Alipokwenda kutafuta cheti katika chuo kimoja, alishindwa karatasi ya nadharia, kwa kuwa maswali yaliuliza kwa Kiingereza mambo aliyoyajua kwa Kiswahili. Alirudi chini ya mti wake, na gereji yake ingali ikiitwa gereji bubu. Nawaombeni mlitafakari jina hilo. Je, bubu ni gereji, au ni sisi wataalamu ambao hatukuisikiliza?

Tangu BAKITA ilipoundwa mwaka 1967, kazi kubwa imefanyika ya kusanifu istilahi. Siibezi kazi hiyo, nimeishiriki. Lakini mara nyingi tumeunda maneno mezani kwa vitu ambavyo vilikuwa na majina tayari barabarani. Pendekezo langu ni dogo. Kila mwanafunzi wa isimu atakayekwenda likizo akae gereji ya kwao kwa wiki mbili. Aandike jina la kila kifaa, kila kitenzi na kila tanakali ya sauti ambayo kwayo fundi huieleza injini inayogonga. Achore kifaa, aandike na neno la ng'ambo ya mpaka. Katika miaka mitano tutakuwa na kamusi ambayo yule kijana wa Biharamulo angeweza kufanyia mtihani wake.

Fundi mzee wa Nyakahura amekwisha kufariki. Nilijaza madaftari mawili kutoka kinywani mwake, nami nilikusudia kurudi na la tatu. Nilichelewa. Ninyi vijana msichelewe.