Lambo Dogo na Wanaolala Chini Yake
(Maneno ya Kamati katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani, Magara)

Katika siku hii ya 20 Juni ni desturi kusimulia safari zetu. Safari hizo mnazijua wenyewe, na watoto wamekwisha kuziigiza vizuri kuliko tungevyoweza kuzisema. Kwa hiyo sisi tutasema habari za lambo.

Mnalijua. Ni lile dogo la udongo lililo juu ya bonde, ambalo kiangazi kama hiki linamwagilia bustani za lengalenga na nyanya. Lilipochimbwa, chini yake palikuwa na mihogo na michikichi tu. Leo ukisimama juu ya tuta na kutazama upande wa ziwa, unaona maturubai, na moshi wa kupikia, na watoto wanacheza katika mkondo uliokauka.

Watu wametuuliza mara nyingi: lambo hili ni salama? Walikwisha kujibiwa kwamba malambo kama haya huwekwa katika daraja la hatari ndogo, wakatulia. Kamati haikutulia, na tunaomba mtuvumilie tueleze kwa nini.

Neno hili daraja lina maana mbili, na watu huzichanganya. Kuna daraja la hali ya tuta: je, ni zima, limepasuka, linavuja? Na kuna daraja la madhara: je, likivunjika, nani ataumia? Tuta linaweza kuwa zima kabisa na bado likawa katika daraja la juu la madhara, kwa sababu ya watu walio chini yake. Huko Marekani, lambo ambalo kuvunjika kwake kunaweza kuua hata mtu mmoja huwekwa katika daraja la juu, hata likiwa dogo. Afrika ya Kusini wanahesabu vilevile vichwa vya watu: wakizidi kumi, daraja ni la juu. Basi daraja la namna hii hupanda bila tuta kuongezwa hata koleo moja la udongo. Hupanda siku watu wanapojenga chini. Sisi wenyewe tulipofika na kupanga maturubai yetu, tulilipandisha lambo hili daraja, na hakuna karatasi iliyoandikwa.

Nchi nyingine zimepima kwa ukubwa. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 ziliweka katika hatari ndogo lambo ambalo kina chake hakifiki mita 5 na maji yake hayafiki mita za ujazo 100,000. Hebu tuhesabu kwa vyombo vyetu. Mita moja ya ujazo ni mapipa matano ya lita 200, na uzito wake ni tani moja. Lambo la mita 50 kwa 40, lenye kina cha mita 2 tu, lina mapipa 20,000. Hilo kwa kipimo kile ni dogo sana. Maji ya mapipa 20,000 yakishuka usiku kwa mara moja, mama aliyelala na watoto wake wanne hatauliza ni daraja gani.

Hatusemi haya kuwatisha. Tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika jimbo la Nakuru, Kenya, mvua ilikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Usiku, lambo la udongo la shamba, lililojengwa kwa umwagiliaji, lilivunjika. Watu wasiopungua 47 walikufa. Baada ya msiba ndipo serikali ilipotuma watu kukagua malambo mengine. Hata Marekani ilikuwa hivyo: lambo la Kelly Barnes, tuta la udongo lililoota miti, lilivunjika usiku wa tarehe 6 Novemba 1977 na kuua watu 39, na baada ya hapo ndipo Rais Carter alipoamuru ukaguzi. Ukaguzi umezoea kufika nyuma ya mazishi.

Na kuna jambo ambalo ninyi wa mashirika tunaomba mlisikie vizuri. Mwaka 2024, alfajiri ya tarehe 29 Aprili, maji yalifagia vijiji karibu na Mai Mahiu, Kenya, wakafa watu zaidi ya 45. Kwanza ilisemwa lambo limevunjika. Baadaye wakuu wakaeleza kwamba palikuwa na njia ya maji chini ya tuta la reli ya zamani. Iliziba kwa matope na magogo, maji yakajaa nyuma yake mpaka tuta likashindwa. Tuta lile halikuitwa lambo, kwa hiyo hakuna aliyelipa daraja lolote. Sasa tazameni barabara yetu ya RN3, kutoka Bujumbura kwenda Rumonge. Imepita kati ya vilima vya Mumirwa na ziwa, na kila kijito kinapita chini yake kwa kalavati. Kalavati likizibwa na mawe na migomba, barabara yenyewe inageuka lambo. Tunapohesabu malambo tusihesabu yale yenye samaki tu.

Tuta la udongo huuawa na maji kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni maji kupita juu yake. Udongo si saruji, ukishakatwa kidogo unaendelea kukatika mpaka chini. Kwa hiyo lambo lina utoro wa maji, yaani njia ya pembeni ya kupitishia maji yaliyozidi. Tuliona kwa macho yetu kwamba utoro wetu una majani marefu na mtu ameweka mawe ili maji yasipotee. Tunamwelewa; kiangazi kila ndoo ni chakula. Lakini mawe hayo yatolewe kabla ya Septemba. Njia ya pili ni maji kujichimbia tundu ndani ya tuta, kufuata mzizi, shimo la panya au kichuguu. Maji safi yanayotoka kidogo chini ya tuta yanahitaji kuangaliwa kila siku. Maji ya matope ni habari nyingine: tuta linaliwa kutoka ndani, na wakati huo watu waondoke, wapande kando ya bonde, wasifuate mkondo. Wala kijana yeyote asichukue jembe kwenda kulikata tuta ili kulipunguza. Maji yakipata mlango hayafungiki.

Sasa jambo gumu. Kamati imeamua kuomba maturubai yaliyo katika mkondo na kando yake yahamishwe kabla ya mvua. Tunajua kina mama wa upande ule watatukasirikia. Wako karibu na bustani, na kule juu watatembea zaidi na madumu kichwani. Wamesema kwamba tulipewa mahali pale, hatukupachagua, na wamesema kweli: mkimbizi hupewa ardhi ambayo mwenyeji ameiacha, na mara nyingi mwenyeji ana sababu ya kuiacha. Kwa hiyo tunawaomba wafanyakazi wa misaada wasihamishe watu kabla ya kusogeza bomba la maji huko juu. Bomba kwanza, turubai baadaye. Na mtakapoandika taarifa kwamba lambo ni dogo, andikeni pia hesabu ya wanaolala chini yake, wakubwa kwa watoto.

Kuhusu tuta lenyewe, ardhi si yetu. Tumemwomba mkuu wa kilima tukutane naye pamoja na wenye bustani, na tumeomba fundi wa maji aje kulitazama wakati huu maji yakiwa chini, maana nyufa huonekana sasa. Jumamosi saa moja asubuhi tutakwenda kufyeka utoro na kuzibua makalavati mawili ya karibu. Kila safu ya nyumba ilete watu watatu na panga moja. Majembe yako kwa mwenye ghala. Ni kumi na moja, tafadhali yarudi kumi na moja.