Kisima Kinachongoja Juni

Kila moja ya kaunti 47 za Kenya ina kitabu kinene kiitwacho Mpango Jumuishi wa Maendeleo. Cha sasa ni cha 2023 hadi 2027. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza fedha kutengwa nje ya mipango. Karatasi basi zipo, na wananchi waliitwa ukumbini, wakapewa soda, wakasema wanataka maji na zahanati.

Shida huanzia kwenye kalenda. Mwaka wa fedha hufunguliwa Julai, lakini mgao kutoka Nairobi huchelewa. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha wenye kodi mpya ulipoondolewa, shilingi bilioni 400 za kaunti zilishushwa hadi 380, maseneta na wabunge wakavutana kwa miezi, wakaafikiana kwenye 387. Mishahara haingoji mvutano wao. Kinachongoja ni mtaro, kisima, ukuta wa wodi. Fedha zikimwagika Juni, kandarasi hutolewa mbiombio, na mwenye lori la mchanga hubaki akidai.

Magavana hupenda kuilaumu Hazina Kuu peke yake. Hapo sikubaliani nao. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kwenye makadirio kaunti nyingi huifikia. Ni kwenye matumizi ndiko kunakopwaya: kisima kilichopangwa hukatwa, safari ya mafunzo haikatwi. Na anayekata hakai Nairobi. Anakaa makao makuu ya kaunti, umbali wa nauli ya matatu kutoka kijijini.