Haraka Si Upesi: Maneno ya Kiingereza ya Mwendo na Kazi ya Karani

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Uchindile, Bonde la Kilombero



Nimeombwa niseme nanyi juu ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya mwendo, na jinsi yafaavyo kuwekwa katika Kiswahili. Huenda mtu akadhani kwamba jambo hili ni dogo, la kuwafurahisha walimu tu. Lakini karani ndiye mlango ambao maneno ya serikali hupitia ili kuwafikia watu. Ndivyo ilivyokuwa siku zile Bwana Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika huko Tanga, mwaka 1922. Na ndivyo ilivyo hata leo, popote palipo na waraka wa Kiingereza na watu wanaotaka kuusikia kwa Kiswahili. Mlango ukiwa mwembamba, mzigo hupunguzwa kabla haujaingia ndani. Na mlango wetu mwembamba kuliko yote ni neno hili moja: "haraka".

Kiingereza kikisema "quick", au "fast", au "prompt", au "urgent", au "express", au "immediate", sisi huandika "haraka", tukapiga muhuri, tukaona kazi imekwisha. Maneno sita yameingia, neno moja limetoka. Je, yale matano yamekwenda wapi?

Tuanze na methali. Waingereza husema, "More haste, less speed." Mwenye kuifasiri kwa kufuata kamusi tu atasema, "Haraka nyingi, haraka kidogo," na msikilizaji atamwona amechanganyikiwa. Lakini zamani neno "speed" lilikuwa na maana ya kufanikiwa, kupata heri. Msafiri aliagwa kwa neno "Godspeed", yaani, Mungu akujalie heri katika safari yako. Basi methali ile yasema: pupa ikizidi, heri hupungua. Nasi tuna yetu: Haraka haraka haina baraka. Wazee wa pwani na wazee wa Uingereza hawakuketi baraza moja, walakini wamefika penye neno lile lile.

Angalieni pia ni neno gani lililolaumiwa na wazee wetu. Hawakusema kwamba hima haina baraka, wala upesi hauna baraka. Neno "haraka" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kujongea tu, kutikisika. Ndiyo maana tunalo na ndugu yake, "harakati". Mtu aweza kutikisika sana asifike popote. "Hima" nalo ni la Kiarabu, lakini asili yake ni nia kubwa, moyo wa kutaka jambo. Na "upesi" ni ndugu wa "wepesi": kazi iliyokosa uzito wa kuichelewesha. Basi Kiswahili si maskini. Sisi ndio tulioacha mali yetu sandukuni.

Sasa tuyatazame maneno ya Kiingereza, kila moja na asili yake.

"Quick" hapo kale lilikuwa na maana ya hai. Katika ibada za kale za Kikristo walio hai na wafu walitajwa kwa neno hilo. Kitu kilicho hai hugeuka mara, huitika kikiguswa. Ndiyo sababu "quick" hufaa kwa jambo dogo lichukualo muda mfupi. Kwa Kiswahili twaweza kusema "upesi".

"Fast" lilikuwa na maana ya imara, kilichoshikamana. Mlango uliofungwa barabara huitwa "fast" hata leo, na rangi ya nguo isiyochujuka huitwa hivyo pia. Na tena neno hilo hilo ndilo la kufunga chakula! Msishangae, maana Kiswahili kimepita njia ile ile: twafunga mlango, na twafunga Ramadhani. Kutoka katika nguvu ya kushikamana, neno likaingia katika nguvu ya kukimbia. Mwenzake kwa Kiswahili ni "kasi", ambalo nalo lina harufu ya nguvu ndani yake: mkondo wa maji huenda kasi, karani akitafuta jalada hasemwi hivyo.

"Prompt" limetoka katika Kilatini, nalo ni kitu kilichokwisha kutolewa, kilicho tayari mkononi. Mtu akiahidiwa malipo yaliyo "prompt", hakuahidiwa kwamba mhasibu atahesabu noti kwa mbio. Ameahidiwa kwamba siku ikifika, fedha ipo. Hapo yafaa kusema "bila kukawia".

"Urgent" halina mwendo ndani yake hata kidogo. Asili yake ni kusukuma, kukandamiza. Latupa habari ya uzito wa shauri, wala halisemi jinsi ya kulitenda. Jambo la "urgent" ni jambo la dharura.

"Immediate" ni kwamba hakuna kitu katikati: papo hapo, mara moja.

Liko na "expedite", ambalo makarani twaliona kila siku pembeni mwa majalada. Asili yake katika Kilatini ni kumfungua mtu miguu iliyotatizwa. Yafaa kila mkuu wa ofisi alijue jambo hili. Anayetaka jalada liende, asimpigie karani kelele. Na atafute kamba iliyolifunga miguu. Pengine ni sahihi moja tu iliyokosekana.

Na la mwisho ni "soon". Hapo kale neno hili lilikuwa na maana ya sasa hivi, bila kungoja. Lakini watu walisema "soon" wakakawia, wakasema tena wakakawia, hata neno lenyewe likachoka, likawa na maana ya baadaye kidogo. Wala tusiwacheke Waingereza. Mwenye kuambiwa na fundi "sasa hivi" anajua ngoja yake.

Mabibi na Mabwana, yaweza kuulizwa, "Yote haya yatamfaa nini mtu wa Uchindile?" Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni reli iliyo hapa petu. Kazi ya kuijenga TAZARA ilianza mwaka 1970, njia ikakamilika mwaka 1975, ikakabidhiwa mwaka 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, katika nchi ya Zambia. Kutoka Mlimba kwenda Makambako njia hupanda kutoka bondeni hadi nyanda za juu, kwa madaraja na mahandaki mengi. Kwa miaka mingi treni za abiria zilikuwa na majina mawili: Mukuba, iliyoitwa "express", na Kilimanjaro, iliyoitwa ya kawaida. Sasa, "express" si neno la magurudumu. Mlima ni ule ule, na handaki ni lile lile kwa zote mbili. Asili ya neno ni jambo lililotajwa wazi, lenye kusudi lake maalumu. Treni ya namna hiyo yakusudia miji mikubwa, hivyo hupita vituo vidogo bila kusimama. Mama mwenye magunia yake ya mpunga katika kituo kidogo akisoma "treni ya haraka", hufurahi na kuingoja. Kumbe ndiyo ile itakayompita! Laiti karani angaliandika "treni isiyosimama vituo vidogo", mama yule angalijua la kufanya.

Mfano wa pili ni maji. Bonde la Kilombero hufurika wakati wa masika, na tangazo la hatari huweza kuandikwa saa yoyote. Tukiandika, "Maji yanakuja kwa kasi," tumetaja nguvu yake: asithubutu mtu kuvuka. Tukiandika, "Maji yatafika upesi," tumetaja muda: watu wakusanye vitu vyao. Na tukiandika, "Ondokeni haraka," hatukutaja lolote ila fadhaa. Mmoja atakimbia akimwacha mzee ndani ya nyumba. Mwingine atafikiri kwamba akienda mbio kesho asubuhi, ametii. Tangazo lililo sawa lasema, "Ondokeni mara moja," kisha lataja pa kwenda.

Mfano wa tatu, nao ni mzito kuliko yote, ni pumzi ya mtoto. Waganga hutambua homa ya mapafu kwa dalili ambayo Kiingereza huiita "fast breathing". Mama akiulizwa, "Mtoto anapumua kwa kasi?" aweza kufahamu kwamba aulizwa juu ya nguvu, na kwa kuwa mtoto ametulia, hajitutumui, atajibu, "La." Lakini mganga hakutaka nguvu, alitaka idadi. Kwa kanuni ya Shirika la Afya la Dunia, mtoto mwenye kikohozi au shida ya kupumua, wa miezi 2 hata kabla ya kutimiza mwaka, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika moja, yu katika hatari. Na wa mwaka 1 hata kabla ya kutimiza 5, mara 40 au zaidi. Hapa hakuna neno litoshalo. Panatakiwa saa na kuhesabu, na karani anayefasiri karatasi ya namna hii asithubutu kuiacha hesabu akaweka sifa mahali pake.

Kwa hiyo nashauri kwamba kila tukutanapo na neno la mwendo, kabla ya kalamu kuandika "haraka", tujiulize maswali manne. Je, ataka mtu aanze lini? Hapo ni "mara moja" au "mapema". Ataka kazi ichukue muda gani? Hapo ni "upesi". Ataka kutaja nguvu ya mwendo? Hapo ni "kasi". Ataka kutaja uzito wa shauri? Hapo ni "la dharura". Na ikiwa jibu laweza kuwa tarehe, au saa, au idadi, basi tuandike hiyo. Barua isemayo, "Jibu litufikie kabla ya tarehe 15," ina heshima kuliko isemayo, "Jibu kwa haraka sana," maana haimwombi mtu atoe jibu ambalo hakulifikiri.

Wala simaanishi kwamba neno "haraka" litupwe. Lina mahali pake, na watu hulielewa. Nasema lisibebeshwe mizigo ya wenziwe. Neno moja likichukua kazi ya sita, watu ndio walipao: mmoja kwa safari yake, mwingine kwa mali yake, na mwingine kwa mtoto wake.

Nawaomba wanachama walete maneno mengine yanayowatatiza mezani kwao, tuyapime pamoja katika mikutano ijayo.