Tume ya Haki na Mlango wa Aliyedhulumiwa





Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Maneno hayo ya wazee yatosha kuwa mizani ya kupimia kila Tume ya haki za binadamu. Tume haipimwi kwa ukubwa wa jengo lake wala kwa wingi wa taarifa zake, bali kwa jambo moja: je, aliyedhulumiwa akiingia mlangoni mwake, hutoka na haki yake?

Nchi ya Uganda ni mfano wenye mafunzo, kwa kuwa Tume yake ilizaliwa katika machungu. Baada ya miaka mingi ya watu kuuawa na kupotezwa, mwaka 1986 serikali iliweka tume ya uchunguzi chini ya Jaji Arthur Oder, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1994. Mwaka uliofuata Katiba mpya ikaweka Tume ya kudumu. Madaraka yake si haba. Kwa kifungu cha 53 yaweza kuwaita mashahidi kama mahakama iwaitavyo, kuamuru aliyezuiliwa aachiliwe, na kuamuru fidia ilipwe. Asiyeridhika aweza kukata rufani Mahakama Kuu.

Basi dhuluma ikitokea, yaipasa kufanya nini?

Kwanza, iharakishe. Katiba hiyo yataka mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Mama ajaye kulia kwamba mwanawe hajulikani alipo hafai kuambiwa arudi juma lijalo. Yafaa ofisa aondoke siku ile ile, aende kituoni, atazame daftari, na amwone kijana kwa macho yake. Kovu hufifia, na ushahidi hufifia pamoja nalo.

Pili, isikilize pande zote bila hofu wala upendeleo. Kanuni za Paris, zilizokubaliwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1993, zataka tume za namna hii ziwe huru na ziwe na fedha za kutosha. Tume imwogopayo mshtakiwa haiwezi kumhoji.

Tatu, isichoke baada ya kutoa amri. Hapa ndipo penye donda. Tume ya Uganda imelalamika katika taarifa zake kwamba fidia zilizoamriwa hukawia kulipwa. Amri isiyotekelezwa ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo hesabu ya madeni hayo na isomwe Bungeni kila mwaka hata senti ya mwisho ilipwe. Tena fidia ikitoka katika hazina ya umma peke yake, aliyepiga hatoi kitu. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 2019 ikaruhusu mtumishi aliyevunja haki awajibike yeye mwenyewe.

Wala Tume haiwezi kazi hii peke yake. Yawapasa jamaa waandike tarehe, wahifadhi cheti cha daktari, na wakubali kutoa ushahidi, hata kama aliyedhulumiwa ni jirani wa dini nyingine. Anyamazaye leo kwa kuwa si nduguye, kesho hatapata wa kumsemea.

Mwenyezi Mungu awajaalie wote wenye madaraka kuamua kwa uadilifu.

Wabillahi tawfiq.