Kinesiterapia na Uvumilivu wa Jeraha Sugu

Kinesiterapia (tiba ya mazoezi) ya jeraha sugu ni kazi ya miezi, na sehemu yake kubwa hufanyika nyumbani, mbali na macho ya mtaalamu. Misuli huhitaji wiki kadhaa kupata nguvu. Kano, zinazopata damu kidogo, hukawia zaidi. Hapo ndipo wengi huacha. Maumivu yamepungua kidogo, soko la Nyawera mjini Bukavu linasubiri, na nauli ya kwenda kwenye tiba si ndogo kwa anayeishi kwa mauzo ya siku. Kuwaita watu hao wavivu ni kuwaonea.

Bukavu ina kituo cha Heri Kwetu, kinachojulikana kwa kuhudumia watu wenye ulemavu, lakini hakuna kituo kinachoweza kumfanyia mgonjwa mazoezi ya kila siku. Kinachomshika ni lengo la maisha yake mwenyewe. Kukunja goti nyuzi 90 hakumwambii kitu mchuuzi. Kupanda mlima hadi sokoni bila kusimama kunamwambia. Safari hiyo hugawanywa: ngazi chache, nusu ya mlima, kisha mzigo mwepesi.

Umakini nao ni sehemu ya tiba. Maumivu sugu hayalingani daima na ukubwa wa jeraha, kwani mishipa ya fahamu inaweza kubaki na tahadhari hata baada ya kidonda kupona. Maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake kwa kawaida huvumilika. Ganzi, uvimbe mpya au maumivu yanayozidi usiku humtaka mgonjwa apunguze mazoezi na kumweleza mtaalamu mapema.